Kutoka Rangi Tatu hadi Nakapanya: siku saba na penseli moja

Siku ya kwanza, Jumamosi. Dar es Salaam

Kishkwambi nimekiacha nyumbani kwa makusudi, kabatini, chini ya mashuka. Kazi yangu ni kuchora vitabu vya watoto. Huu ni mwaka wa sita natumia kalamu isiyo na wino juu ya kioo, na kuna kitufe kimoja ambacho kidole changu kimekizoea kuliko kijiko: kile cha kurudi nyuma. Umekosea mstari, unagusa, kosa halipo tena, kana kwamba halijawahi kuwapo. Mwezi uliopita mhariri mmoja aliniambia picha zangu ni safi mno. Alikuwa ananisifu. Usiku ule sikulala vizuri.

Kwa hiyo mkobani nina penseli moja ya 4B, kichongeo na daftari lisilo na mistari. Kifutio sikuchukua.

Safari yenyewe ni ya kinyumenyume. Karibu kila kitu ambacho mgeni anakinunua Dar akakiita sanaa ya Tanzania, asili yake ni kusini: picha za Tingatinga, vinyago vya Kimakonde, mashetani ya msanii George Lilanga yenye masikio kama sufuria. Nimevinunua, nimeviiga, nimewahi hata kuvifundisha darasani. Kulikotoka sijawahi kukanyaga. Nikaamua kuifuata barabara hiyo, na kila fundi nitakayemkuta nimuulize aliona nini akaanza, anashika nini mkononi, na nani alimwonyesha.

Asubuhi nimeanzia Oysterbay, pale Morogoro Stores. Hapa ndipo Edward Saidi Tingatinga, kuanzia 1968, alipokuwa akiegemeza picha zake akingoja wateja wanaotoka dukani. Alikuwa mtu wa vibarua, amepita kwenye mkonge Tanga, na uchoraji hakuusomea popote. Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mwizi, akafa. Walioendelea ni vijana aliokuwa amewafundisha, wengi wao ndugu zake na watu wa kwao, na ushirika uliosajiliwa 1990 ndio huu ninaouona leo, mabanda yaliyojaa twiga mpaka kwenye paa.

Fundi niliyekaa naye alikuwa anapaka usuli wa machungwa unaofifia kuelekea njano. Nilimwamkia, akaniitikia bila kuinua kichwa. Nikamuuliza kuhusu rangi. Akanionyesha kopo: rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya kupaka baiskeli na milango.

"Mzee mwenyewe alianza na hii hii kwa sababu ndiyo iliyokuwapo," alisema. "Na ubao wa dari, ule mwembamba. Angekuwa na hela ya vifaa vya kisanii, leo tusingekuwa na Tingatinga."

Nikamwomba aeleze. Akaweka brashi chini, jambo ambalo nimelichukua kama heshima.

"Rangi ya kopo haikubali kuchanganywa juu ya ubao. Ukiilazimisha inakuwa tope. Unapaka moja, unakwenda kulala, kesho unapaka nyingine. Ndiyo maana mnyama wetu anasimama mbele ya rangi tupu, hana kivuli, hana majani ya kumficha. Sasa ukitaka manyoya utafanyaje? Unadondosha nukta. Rangi hii ni nzito na inateleza, nukta inakaa vizuri, inavimba kidogo. Pitisha kidole."

Nilipitisha. Miaka yote nimekuwa nikichora nukta za Tingatinga kwenye kioo, bapa kabisa, bila kujua kwamba zinashikika.

Jioni Mwenge, kwenye soko la vinyago, kumchukua mwenzangu wa safari. Ni mchongaji, tunafahamiana miaka mingi, na anakwenda kwao Newala kumtoa mpwa wake jandoni. Kwa Wamakonde mjomba hakosi siku hiyo. Amefunga vifaa vyake kwenye gunia: tezo mbili, patasi kadhaa, tupa, msasa, na kikopo cha rangi ya viatu nyeusi. Nimecheka. Akaniambia, "Dada, mteja anataka mpingo mweusi kuliko alivyouumba Mungu."

Siku ya pili

Basi limeondoka Mbagala Rangi Tatu kabla ya alfajiri. Jina zuri kwa kituo cha mchoraji. Nimezihesabu hizo tatu: vumbi, moshi na chungwa.

Kuchora ndani ya basi hakuchoreki. Kila tuta limeniachia mruko kwenye mstari. Nilianza na mtoto wa jirani yangu aliyelala mdomo wazi, na kufika Kibiti alikuwa na nyusi tano. Mkono wa kulia umekuwa ukigonga kidole gumba pembeni mwa karatasi, ukitafuta kitufe. Aibu ndogo ya siri.

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa 2003, lina urefu wa karibu kilomita moja. Mwenzangu amelala hajaliona. Anasema enzi za kivuko aliwahi kulala pale kando ya mto siku mbili, na tangu hapo haoni sababu ya kukaa macho. Tumeshuka Nangurukuru, tukachukua gari dogo hadi Kilwa Masoko. Sambusa nzuri, kitanda kibovu.

Siku ya tatu. Kilwa

Magofu ya Kilwa Kisiwani hatukwenda. Najua, najua. Tumekwenda porini, kwa bodaboda, saa nzima na ushei, kuuona mpingo ukiwa bado mti.

Nilitegemea jitu. Nilioneshwa kitu ambacho ningekipita nikidhani ni kichaka: shina lililogawanyika karibu na ardhi, matawi yamejikunja, miiba. Mzee wa kamati ya misitu ya kijiji alilichubua kidogo kwa panga. Chini ya gome kuna mti mweupe unaoelekea njano, na ule weusi uko ndani, moyoni, mara nyingi una nyufa. Hukua polepole mno. Mti wa kuvunwa umepita miaka 70. Kipande kikavu ukikitupa majini kinazama.

Wilaya hii ina habari yake. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwamo, vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe, jambo lililokuwa halijatokea kwingine Afrika. Kijiji kinapanga miti ya kukata, kinauza chenyewe, fedha inabaki. Wanunuzi wengi wanautaka kwa ajili ya klarineti na obo za Ulaya. Kwa zumari hizo unahitaji kipande kilichonyooka kisicho na ufa hata mmoja, na mzee alitwambia kwa uchungu wa mfanyabiashara kwamba sehemu kubwa ya mti haifai.

"Isiyofaa ndiyo yetu," mwenzangu alidakia.

Akaketi juu ya tawi lililokatwa, lenye umbo la kiwiko, akaanza kulizungusha mapajani kama mtu anayemkagua mtoto mchanga. Hapo ndipo aliponisimulia habari ya mchongaji Samaki Likankoa, kama anavyoisikia kwa wakubwa wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Likankoa alikuwa akimchongea mfanyabiashara wa Dar, Mohamed Peera. Kinyago cha mtu kilimvunjikia mkono. Badala ya kukitupa alikichonga upya, akakigeuza kitu kisicho mtu, jicho moja, kiungo kinachoanzia mahali kisipostahili. Peera akakinunua, akataka vingine. Ndivyo mtindo wa shetani ulivyoingia sokoni.

Wasimulizi wanatofautiana kuhusu kilichovunjika na kilivunjikia wapi. Mimi hadithi nimeiamini pale pale, kwa sababu ya lile tawi. Mti wenye kiwiko, moyo uliopasuka, weupe na weusi vimeumana: mtu mwenye miguu miwili iliyosimama wima anatoka wapi humo? Nimelichora lile tawi mara tatu. La tatu lina uso, na sikumbuki kuuweka.

Siku ya nne. Mtwara

Njiani Lindi, bahari upande wa kushoto. Mtwara tumefika mchana, tukala ugali wa muhogo na pweza, na mwenzangu akaenda kusalimia shemeji zake.

Nami nimezunguka mitaani nikamkuta mchoraji wa mabango, kaka wa makamo, amekaa mbele ya saluni ya kiume ambayo ukuta wake aliuchora mwenyewe zamani: vichwa vinne, mitindo minne, wino umepauka. Kazi imekwisha, anasema. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimefika. Mteja analeta picha kwenye simu, baada ya saa moja anaondoka na bango. Yeye alikuwa akichukua siku mbili.

Nilimuuliza nani alimfundisha. "Herufi nilifundishwa na ukuta wa benki," alisema. Alikuwa mtoto, akikaa upande wa pili wa barabara akiiga. Kisha akanionyesha kifaa chake cha thamani kuliko vyote: uzi uliopakwa chokaa. Unaufunga msumari huku na huku, unauvuta, unauachia, pwa! Mstari mnyoofu kuliko wangu wowote wa kwenye kioo, ambao unanyoshwa na programu. Akaniachia niupige mara moja. Uliniruka, ukanichapa kifundoni.

Sikuwa na la kumshauri kuhusu mashine. Nina rafiki zangu wanaoishi kwa mashine hizo hizo, na mimi mwenyewe nani kanituma kushika kalamu ya umeme? Tumekunywa kahawa. Bado anapata kazi za mashua Mikindani: majina. Bango la plastiki halikai kwenye mashua.

Siku ya tano. Newala

Tumepanda uwanda wa Makonde kupitia Tandahimba. Mikorosho inaanza kutoa maua. Ndoo za maji zimepangwa barazani kama watoto wa shule; huku juu maji ni habari ya kila siku.

Mchana kutwa nimekuwa kwa mzee mmoja mchongaji, babu yake mdogo mwenzangu. Nimempigia shikamoo, nimekaa mkekani, nimenyamaza kama nilivyoelekezwa. Alikuwa anamalizia lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani (yakiwa mengi ni mapiko), la ngoma ya kesho, na kwa kuwa mimi ni mwanamke, akalifunika kwa kanga, akaniambia nitaliona likicheza kama wanawake wengine. Nimekubali. Badala yake akanionyesha la miaka iliyopita, lililokwisha kustaafu: sura ya afisa, amevaa miwani, masharubu ya nywele za kweli. Mapiko hayajagandia kwenye sura za mababu. Akija mkoloni anachongwa, akija askari anachongwa, akija bwana mkubwa mwenye tumbo anachongwa.

"Libebe," akasema.

Nilijiandaa kwa uzito. Lilinipaa mkononi kama kibuyu kikavu. Mbao nyepesi, imekombwa ndani mpaka imebaki nyembamba kama ganda la nazi, kwa sababu kichwa kizima kinaingia humo na chini yake kuna mtu anayeruka. Chale za usoni zimetengenezwa kwa nta, zimebandikwa juu.

"Lile analopeleka Mwenge huyu," akamwelekezea kidevu mwenzangu, "ni zito. Mnunuzi anataka uzito. Huwezi kulicheza, litakuvunja shingo."

Mwenzangu akacheka, akakubali. Anajua hivyo tangu zamani: kinyago cha kuuza ni kinyago cha ukutani, na ukuta hauchoki. Hakuonekana kuona aibu, wala mzee hakuwa anamtia aibu. Walikuwa wanazungumzia kazi mbili. Ni mimi niliyekuja na wazo kwamba moja ni ya kweli na nyingine ni ya biashara, na nimeshinda mchana wote nikilitafutia mahali pa kukaa.

Nilipouliza alianza na nini, mzee aliinuka, akaenda uani, akarudi na muhogo mbichi na kisu kidogo. Ndivyo mtoto anavyoanza, alisema: mzizi wa muhogo, kwa sababu ni laini, na ukiharibu unakula. Alinipa. Nimechonga kitu nilichokikusudia kiwe kuku. Kilipovunjika shingo nilimtazama, naye akatafuna ile shingo.

"Nani alikufundisha, babu?"

"Mjomba."

"Alikuelekezaje?"

"Alikuwa hataki nimtazame."

Hilo nimelielewa vibaya mwanzo, nikadhani ni uchoyo. Mwenzangu alinifafanulia tukielekea Shimo la Mungu kutazama jua likizama: mjomba alikuwa akichongea mapiko porini, mahali pa siri, na mtoto asiyetoka jandoni haruhusiwi kufika. Kwa hiyo kijana alichonga muhogo nyumbani miaka mingi bila mwalimu, akijua kwamba mwalimu yuko mwendo wa dakika kumi. Siku ya kuruhusiwa alikwenda na mkono wake tayari.

Kutoka ukingoni pale uwanda unakatika ghafla, chini kabisa ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Babu yake mwenzangu alivuka kutoka huko. Roberto Yakobo Sangwani, aliyeleta Dar ule mtindo wa watu waliopandana kama mnara tunaouita ujamaa, naye alitoka ng'ambo hiyo, miaka ya 1950. Nimechora bonde. Penseli imebaki nusu.

(Ngoma ya kesho sitaiona. Basi la Masasi ni asubuhi, na nimemwahidi mama yangu kurudi kabla ya Jumatatu ya pili. Mwenzangu amenisuta kwa hilo, na ana haki.)

Siku ya sita. Masasi

Peke yangu sasa. Mji uko katikati ya miamba mikubwa iliyochomoza kama migongo ya viboko.

Lilanga alizaliwa wilaya hii, Kikwetu, 1934. Naye inasemekana alianzia kwenye mizizi ya muhogo, na kwa mara ya kwanza sentensi hiyo, ambayo nimeisoma mara nyingi, ilikuwa na ladha mdomoni. Mapema miaka ya 1970 alipata kazi Nyumba ya Sanaa, Dar, kupitia mjomba, akianza kama mlinzi. Mjomba tena! Akachonga, akachapa, akapaka rangi kwenye ngozi za mbuzi na mbao, na mashetani ya mpingo yakavaa nguo za waridi na buluu. Amefariki 2005. Jengo la Nyumba ya Sanaa lilishavunjwa. Hapa Masasi nimewauliza watu wanne. Mmoja alimfahamu Lilanga, ila wa mpira.

Jambo jingine limekuwa likinizunguka tangu Newala. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji havijapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita njia hii hii, Lindi, Masasi, Newala, akikusanya vitu. Mapiko aliyoyachukua yako huko mpaka leo. Katika kukusanya kwake aliwagawia watu penseli na karatasi wachore wanachotaka, na baadhi ya michoro aliichapisha. Mmoja wa wachoraji ni mnyapara wa wapagazi wake, Mnyamwezi aliyejulikana kwa jina la Pesa Mbili.

Nimekaa chini ya mwembe nikamfikiria. Mizigo imeshushwa, jioni, mtu anakupa kijiti kinachoacha alama nyeusi. Kitufe hakuna, kifutio hakuna, mfano wa kuiga hakuna. Weule aliitazama michoro ile kama dalili za jinsi akili ya Mwafrika inavyofanya kazi, na nikisoma anavyoieleza nakunja uso. Ila michoro yenyewe haina wasiwasi. Mstari umetoka, umefika, umesimama. Nimejaribu kuchora mwembe hivyo na nimeshindwa. Mkono wangu bado unaomba radhi kila sentimita mbili.

Siku ya saba. Nakapanya

Barabara ya Masasi kwenda Tunduru ni lami sasa. Nimeshuka Nakapanya saa nne asubuhi. Namochelia, alikozaliwa Tingatinga mwaka 1932 au karibu na hapo, ndiyo huku: baba Mngindo, mama Mmakua. Sikutegemea sanamu ya mtu wala kibao, na sikukiona kimoja. Kuna maduka, mbuzi, bodaboda, korosho.

Nilichokifuata ni ubishi wa wasomi. Wapo wanaosema Tingatinga alipata wazo kwa kuwaona wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha Dar. Wengine wanasema alitoka nalo nyumbani, kwenye michoro ya kuta za nyumba za udongo aliyoiona utotoni. Nimeuliza kama kuna anayechora kuta bado. Kijana mmoja alinipeleka kwa mama aliyekuwa anakandika nyumba yake upya.

Alikuwa na ndoo tatu: udongo mwekundu, udongo mweupe, na majivu yaliyochanganywa na mkaa uliosagwa. Nikakumbuka kituo cha Mbagala, nikacheka peke yangu, akaniuliza kulikoni, nikamweleza, hakuona cha kuchekesha. Brashi yake ni gunzi la muhindi kwa sehemu kubwa na kijiti kilichotafunwa ncha kwa mistari. Chini alipaka wekundu, juu weupe, na katikati akaweka nukta nyeusi kwa ncha ya kidole, moja moja, umbali ule ule, bila kupima.

"Unamjua Tingatinga, mama?"

"Yupi? Wako wengi." Ni jina la ukoo huku.

Nikamweleza. Akasema amesikia, mtu wa picha, aliuawa Dar. Kisha akataka kujua kama nimekuja kuuliza au kufanya kazi, maana udongo unakauka.

Nimevua saa. Amenipa upande wa nyuma, ambao hauonekani kutoka barabarani. Nukta zangu za kwanza zimemwagika, za kumi na kitu zikaanza kukaa. Udongo ukiwa na maji mengi unachuruzika, ukiwa mkavu unakwaruza, kuna dakika chache tu katikati ambapo kidole kinaachia chenyewe. Nikachora ndege kati ya nukta. Mjukuu wake akasema ni mjusi. Bibi akaja, akamtazama, akamwongezea mkia.

Basi la Tunduru lilipiga honi nikiwa na udongo mpaka viwikoni. Daftari halikufunguliwa kutwa nzima.